Ajali Barabarani: Msaada Kabla ya Hospitali

Leo tunazungumzia ajali za barabarani, hasa zile dakika chache kabla majeruhi hajafika hospitalini.

Huenda ukajiuliza, "Hayo yananihusu vipi, nami si daktari?" Mama, yanakuhusu. Tunauza mboga kando ya barabara, na watoto wetu huivuka kwenda shule. Bodaboda ikimgonga mtoto, anayefika kwanza ni wewe uliye karibu. Mtu anayevuja damu nyingi anaweza kufa katika dakika chache. Mtoto ana damu kidogo kuliko mtu mzima, kwa hivyo yeye hulemewa upesi zaidi.

Kwanza, hakikisha uko salama. Weka matawi barabarani pande zote mbili ili madereva wapunguze mwendo. Lori la mafuta likianguka, kaa mbali na uwazuie watoto. Mnamo Januari 2009 pale Sachang'wan, karibu na Molo, zaidi ya watu 100 walikufa mafuta yaliyomwagika yaliposhika moto. Wengi walikuwa wamekwenda kuyachota.

Pili, mtume mtu apige simu 999 au 112. Ataje mahali na idadi ya majeruhi.

Tatu, zuia damu. Kunja leso safi mara kadhaa, iweke juu ya kidonda na ukandamize kwa nguvu kwa mikono miwili. Usiifunue kuchungulia. Ikilowa, ongeza nyingine juu yake. Ukikosa glavu, vaa mkononi karatasi ya mkate. Kama chuma au kioo kimedunga mwilini, usikichomoe. Kandamiza kando yake.

Nne, angalia pumzi. Asiyejibu lakini anapumua, mgeuze alale ubavu, kichwa na mwili vikigeuka pamoja, ili matapishi yasimzibe koo. Usimwinue kwa kumvuta mikono na miguu, maana shingo ikiwa imevunjika anaweza kupooza. Mwondoe upesi ikiwa tu kuna moto au hatari nyingine. Helmeti ya mwendesha pikipiki iache kichwani maadamu anapumua vizuri.

Tano, usimpe maji, chai wala soda, hata akiomba. Huenda akapaliwa, au akahitaji upasuaji. Mfunike blanketi na uzungumze naye kwa upole.

Ambulensi ikikosekana, tafuteni gari ambalo majeruhi anaweza kulala. Mlazeni juu ya ubao au mlango, na mtu mmoja ashike kichwa kisiyumbe. Aliyeumia vibaya asibanwe katikati ya watu wawili juu ya bodaboda. Njiani, endeleeni kukandamiza kidonda.

Jambo la mwisho ni hofu ya gharama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Basi msimlaze majeruhi nyumbani huku mkichanga pesa. Mpelekeni kwanza.

Wiki hii, katika chama chenu, jifunzeni kukandamiza kidonda na kumgeuza mtu ubavu. Mkubaliane pia ni nani mwenye gari mnayeweza kumwamsha usiku.