Wimbo Hutangulia Kura

Aliyekuwapo Kigali kati ya tarehe 22 Juni na 13 Julai 2024, siku za kampeni za uchaguzi wa Rais na Wabunge wa Rwanda, hakuhitaji gazeti kumjulisha kuwa jambo kubwa limewadia, maana barabara zilivishwa vitambaa vyekundu, vyeupe na vya samawati, rangi za chama tawala cha FPR-Inkotanyi, na nyimbo zikasikika mchana kutwa, hata dereva wa pikipiki akimpeleka abiria Nyamirambo huku akiufuatiza wimbo kwa mluzi pasipo mwenyewe kutambua.

Wengi hudhani ya kuwa tangazo la siasa humvuta mtu kwa hoja, ilhali aghalabu mazoea ndiyo hutangulia. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alidhihirisha kuwa kitu tunachokiona mara kwa mara, hata kama hatuna habari nacho, hutokea tukakipenda. Na wimbo unaishinda picha, kwani picha unaweza kuipa kisogo, bali wimbo hukufuata hadi kitandani. Na ukishauimba uwanjani pamoja na maelfu, kinywa kimekwisha kukiri jambo ambalo akili haijaulizwa.

Alama nazo zina nguvu zake. Tanzania ilipofanya uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, mwaka 1965, wagombea wawili wa jimbo walipewa mmoja jembe na mwenziwe nyumba, ili asiyejua kusoma naye apate kuchagua. Na ingawa alama zile zilikusudiwa zisiwe na maana yoyote, palizuka ubishi wa kama mtu aweza kula bila jembe, au kulala bila nyumba, na sifa za alama zikamhamia mgombea.

Si haki, hata hivyo, kuyanasibishia matangazo peke yake asilimia 99.18 ya kura alizopata Rais Paul Kagame katika uchaguzi ule wa 2024 mbele ya wapinzani wake, Frank Habineza na Philippe Mpayimana, kwani wapo waliotaka kugombea wakazuiwa, miongoni mwao Victoire Ingabire na Diane Rwigara. Na nguvu ya tangazo haipimiki pasipo ushindani.

Sisi wa Kigali tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa hadhari kuu. Redio RTLM, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993, ilipendwa kwanza kwa muziki na mizaha yake, na masikio yalipokwisha kuizoea ndipo chuki ikapitia mlango uleule, hadi ikachochea mauaji ya kimbari ya Watutsi mwaka 1994. Na mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliyohukumu kesi za mauaji hayo ikawatia hatiani Nahimana na Barayagwiza, waasisi wake, pamoja na Ngeze wa gazeti la chuki la Kangura.

Uchaguzi ujao wa Rais ni mwaka 2029. Ndugu msomaji, siku hizo zikifika, imba ukipenda. Lakini ukirudi nyumbani keti na jirani yako, mkumbushane ni maneno gani mgombea aliyasema baina ya wimbo na wimbo.