Tulivuka Darajani kwa Miguu

Hivi msomaji wangu, mwenzi wako amekulia wapi? Simaanishi mkoa. Namaanisha mtaa, nyumba, dirisha alilokuwa akichungulia asubuhi. Mimi ungeniuliza miaka miwili iliyopita ningekujibu bila kumeza mate: Malindi, Mji Mkongwe, Unguja. Na ningekuwa nimekosea.

Ilianza na kitabu. Tulikuwa kwenye boti kutoka Dar, bahari imechafuka, mume wangu kalala, nami nasoma upya *Vuta n'Kuvute* ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Wengi wenu mliisoma kwa ajili ya mtihani, au mliiona filamu yake ya mwaka 2021. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa mwanamume wa umri wa baba yake. Anamkimbia, jamaa zake wanamkataa, anakwenda kupokelewa na shoga yake Mwajuma, huko Ng'ambo. Humo ndimo anamopendana na Denge, kijana anayewindwa na polisi wa mkoloni.

Shuleni nilijaza makaratasi kuhusu dhamira na migogoro. Safari hii nilishikwa na miguu ya Yasmin. Jamani, kutoka Mji Mkongwe hadi Ng'ambo ni pua na mdomo! Zamani katikati paliingia mkono wa bahari, ukautenga mji wa mawe na vibanda vya udongo na makuti. Watu walivuka kwa daraja, ndipo pakaitwa Darajani, na upande wa pili ukaitwa Ng'ambo. Katika karne ya 20 maji yakafukiwa, ikabaki barabara. Majina hayakufukiwa. Hata mwaka 2000 UNESCO ilipouingiza Mji Mkongwe kwenye Urithi wa Dunia, Ng'ambo haikuwemo.

Nikamwambia mume wangu: kesho tuvuke kwa miguu, kama Yasmin.

"Kuna nini cha kuona huko? Fleti tu. Mie nimechoka."

Hapa lazima niwaeleze kitu. Tumeoana miaka tisa. Kila tukienda Unguja tunafikia kwa shangazi yake, Malindi, na mama mkwe anakuja kutuona hapo hapo. Ananisalimia vizuri, anakunywa chai, anaondoka. Sijawahi kukanyaga kwake. Nikajiambia hanitaki, mtu wa bara mimi, na nikaacha kuuliza. Tukawa tunagombana kwa mambo mengine, bili ya umeme, simu inayolia usiku, kumbe ugomvi wetu ulikuwa huo mmoja.

"Basi naenda peke yangu," nikasema. Akavaa makubadhi yake kimya, akanifuata.

Tulitoka baada ya alasiri, jua limepoa. Vichochoro vya Malindi vimebana kiasi kwamba baiskeli ikipiga kengele unajibanza ukutani. Wazee wako barazani na vikombe vya kahawa. Mume wangu aliwaamkia bila kusimama. Darajani ni vurugu tupu: sokoni ndimu, pweza, mitumba, daladala. Tukavuka barabara. Sikuloa hata ukucha.

Mbele yetu yakasimama maghorofa ya Michenzani, marefu kama behewa za treni, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Muuza kahawa mmoja akainua kichwa, akamwita mume wangu kwa jina la utotoni ambalo sijawahi kulisikia. "Mama yako kapita sasa hivi na kikapu. Kapanda juu."

Nilimtazama. Alikuwa anatazama makubadhi yake.

Alinieleza tukiwa tumesimama pale pale. Wiki ya kwanza chuoni wenzake waliuliza, Unguja sehemu gani? Aliyemtangulia alikuwa ametaja nyumba ya kwao yenye mlango wa nakshi. Naye akasema Malindi. "Halafu nikakupata wewe. Ningeanzia wapi kukwambia?"

Uongo wenye upana wa barabara moja, na miaka tisa! Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia mchana kweupe, muuza kahawa akajifanya anapanga vikombe. Nilikasirika, sitawaficha, na hasira yenyewe ilichukua wiki kadhaa kwisha. Lakini kurudi Malindi bila kupanda ngazi zile nisingeweza.

Ghorofa ya nne. Mama mkwe alifungua mlango, kanga begani, akatutazama kwa zamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmekuja kwa miguu?" Kisha sauti ikashuka. "Mie miaka yote nikidhani wewe mwanangu ndiye hutaki kupanda ngazi zangu."

Akanipokea mkoba, akanivuta ndani nikae karibu na dirisha. Mume wangu alibaki mlangoni, kashika kikapu cha mama yake chenye boga, hajui akiweke wapi.