Mavazi na Mapambo ya Waembu

Katika Kibugu na vijiji vingine vya Embu vinavyopakana na msitu wa Mlima Kenya, vazi la zamani lilikuwa ngozi. Ya mbuzi ndiyo iliyotumika zaidi, kisha ya kondoo na ya ndama. Wazee wenye uwezo walijitanda ngozi za pimbi zilizoshonwa pamoja, vazi lililofaa sana kwa baridi ya asubuhi katika sehemu hizo za juu. Ngozi mbichi iliwambwa juani kwa vigingi na kuparwa mabaki ya nyama, na pengine manyoya pia, kisha ikafikichwa kwa mikono na kupakwa mafuta ya mbarika mpaka ilainike. Ilikuwa kazi ya siku nyingi. Aliyevaa ngozi laini isiyo na mpasuko alijulikana mara moja kwamba kwao kuna mifugo na kuna fundi.

Mwanamke aliyeolewa alivaa vipande vitatu: kidogo cha mbele, muthuru uliozunguka kiuno na kushuka chini ya magoti, na ngozi pana ya kujifunika mabega. Alinyoa nywele. Shingoni alivaa shanga, na mikononi na miguuni mizunguko ya waya wa shaba au chuma. Msichana ambaye bado hajaolewa alivaa kwa wepesi zaidi. Mpito wa kutoka usichana hadi kuwa mke, na kutoka hapo hadi kuwa mama wa watoto waliokwisha kutahiriwa, ulionekana katika mapambo kabla haujatamkwa.

Kwa wanaume, kilele cha urembo kilikuwa ujana wa baada ya jando. Mvulana alikuwa ametobolewa masikio kabla ya hapo, na ndewe zake zikapanuliwa pole pole kwa vijiti. Akishatahiriwa na kuingia katika rika la wapiganaji, alifuga nywele, akazisokota nyuzi nyembamba na kuzipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Rangi hiyo ilishuka hadi kifuani. Ngozi yake ilifungwa kwenye bega moja ili mkono wa silaha uwe huru, na kiunoni alining'iniza simi. Siku za ngoma aliongeza manyoya ya mbuni kichwani, ngozi ya mbega miguuni na njuga za chuma zilizolia kwa kila hatua. Mpiganaji aliyejipamba hivyo alistahili kutazamwa, naye alijua kwamba anatazamwa. Baadaye, akiingia katika baraza la wazee, aliyaacha hayo yote. Alinyoa, akavaa joho lake la ngozi, akashika fimbo na mgwisho.

Chuma kilitoka kwa wahunzi wa Embu na Mbeere, waliofua silaha pamoja na mikufu myembamba. Shanga na waya wa shaba nyekundu au nyeupe vilitoka mbali, vikipitia mikononi mwa wafanyabiashara Wakamba waliotafuta pembe za ndovu. Katikati ya karne ya 19 mashuhuri kati yao alikuwa Kivoi wa Kitui. Ni akiwa huko kwa Kivoi, Desemba 1849, ambapo mmisionari Johann Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya, na mmoja wa waliomsimulia habari za mlima huo alikuwa Rumu wa Kikandi, mtu wa Embu.

Wakati huo, kule Uingereza watakakotoka watawala wa baadaye wa Embu, Malkia Victoria alikuwa amekalia kiti tangu 1837. Mabibi wa London wa miaka hiyo walibana viuno kwa koseti na kuvaa sketi za ndani tabaka juu ya tabaka. Mabwana walivaa koti refu na kofia ndefu nyeusi, na mjane alitambulikana kwa vazi jeusi. Huko pia mwili ulivikwa ili kutangaza cheo na hali ya ndoa. Tofauti kubwa ni kwamba London vazi lilitenga tajiri na maskini kwanza, hali Embu lilitenga rika na rika kabla ya kutenga mwenye mali na asiye nayo.

Mwaka 1906 jeshi la Waingereza liliivamia Embu na kuiweka chini ya serikali ya kikoloni. Kodi ilifuata, na vijana wakatoka kwenda kutafuta fedha za kuilipa. Walirudi na blanketi, shuka na merikani, vitu vilivyouzwa pia katika maduka ya Wahindi. Mwaka 1910 misheni ya Kianglikana ilianzishwa Kigari. Wamisionari wake walikuwa wamelelewa katika zama za Victoria, na staha kwao ilikuwa gauni la kitambaa, shati na kaptura. Waliokwenda kusoma waliacha udongo mwekundu na ngozi, na wengine baadaye walishonwa ndewe zao. Kwa upande wa wanawake hoja ya staha haina uzito mkubwa, kwa maana mke aliyevaa muthuru na ngozi ya mabega alikuwa amefunikwa vema. Kilichoondolewa hasa ni alama za rika na za matambiko. Kuanzia miaka ya 1920 vijana wengi walikuwa na kitu kingine shingoni: kipande, kadi ya kazi ya mkoloni ndani ya kasha la chuma.

Kufikia uhuru mwaka 1963, ngozi ilikuwa imebaki kwa wazee wachache na kwenye ngoma. Leo wachumaji chai wa Kibugu huvaa sweta, mabuti ya mpira na aproni ya plastiki, na nguo nyingi za sokoni ni mitumba. Vazi la asili hurudi katika sherehe za mahari: wanawake huvaa nguo ya rangi ya ngozi iliyotiwa kauri na shanga, na mzee wa ukoo hushika mgwisho. Mara nyingi nguo hizo hushonwa sare kwa kundi zima, hivi kwamba msichana, mke na nyanya huvaa mshono mmoja.