Ulimi wa Madoa

Sogeeni karibu, wajukuu wangu. Aliye nyuma aje mbele, maana hadithi ya leo inaanzia mdomoni mwa ng'ombe.

Siku ya pili baada ya kuwafikisha maksai wetu wawili nyumbani, mmoja wenu, yule wa darasa la tano, alinijia mbio akihema. "Babu, tumepunjwa! Tumeuziwa kibogoyo. Madoa hana meno ya juu!" Nikainuka, nikamshika mkono, tukaenda malishoni. "Chuchumaa hapa," nikamwambia, "umtazame anavyokula. Usiseme kitu."

Madoa akatoa ulimi. Ulimi wa ng'ombe ni mrefu, na ukiugusa unakwaruza kama msasa. Akauzungusha kwenye kishungi cha nyasi, akakivuta mdomoni, akakibana kati ya meno ya chini na ufizi mgumu wa juu, kisha akatikisa kichwa kidogo. Krap! Nyasi zikakatika. Akapiga hatua, akazungusha ulimi tena. Mtoto akanigeukia, macho yamemtoka. Naam, hakuna ng'ombe mwenye meno ya mbele upande wa juu. Zebu wetu wa pembe fupi hana, Boran hana, wala Ankole wa pembe ndefu kule Kagera hana.

Sasa fikirini. Ikiwa ulimi ndio mundu wake, nyasi zilizokwisha kutafunwa hadi chini atazishikaje? Hawezi. Kondoo ana mdomo mwembamba, anaweza kung'wafua hadi karibu na udongo. Ng'ombe atazunguka kutwa, jioni arudi ubavu umebonyea. Ndiyo maana nasema mwenye kutaka ng'ombe wa nyama asianzie mnadani. Aanzie kwenye nyasi.

Hilo nililijua kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua maksai watano niwaweke kwenye malisho haya haya ya eka nane. Januari na Februari nilitembea kifua mbele, kila mpita njia akinisifu. Kufika Septemba ardhi ilikuwa nyeupe, upepo unapeperusha udongo, mbavu za ng'ombe zinahesabika. Niliwauza wote kwa bei ya kutupa. Tena nyasi hazikurudi vizuri mwaka uliofuata, kwa sababu nyasi ikikatwa chini kupita kiasi hukosa majani ya kujilisha kwa jua, na mizizi yake hudhoofika. Niliwaumiza wanyama na nikaiumiza ardhi, na mpaka leo nikikumbuka najuta.

Na hapa kwetu Kongwa si mimi wa kwanza kuanza bila kuiuliza ardhi. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilileta matrekta na mabuldoza kung'oa mibuyu na vichaka ili ilime karanga, eka zaidi ya milioni tatu kwa mpango wao, hapa, Urambo na Nachingwea. Mvua zilikuwa haba. Udongo wa kiangazi ulikauka ukawa mgumu kama tofali, karanga zikagoma kung'oka. Kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umeachwa, na mamilioni ya pauni yamepotea. Baadaye sehemu ya ardhi ile ikawa ranchi ya ng'ombe, na hadi leo Ranchi ya Kongwa ipo. Karanga zilishindwa, nyasi zikabaki.

Basi safari hii tukaanza na nyasi. Eka nane tukazigawa vipande vinne, tukapanda minyaa kuwa uzio. Mnaijua minyaa: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni utalia usiku kucha, kwa hiyo aikate mtu mzima, si ninyi. Tukaokota mifuko ya plastiki na vipande vya waya. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, lakini ile ya zamani bado inafukuka ardhini, na ng'ombe akiimeza inajikunja tumboni, haitoki. Maksai wanakula kipande kimoja kama wiki moja, nyasi zikikaribia urefu wa ngumi mbili tunawahamisha. Kipande cha kwanza kinapumzika wiki tatu kabla ya kuingiwa tena. Mwezi wa nne nyasi zikianza kutoa maua tunafyeka nyingine, tunazikausha na kuzishindilia kwenye sanduku la mbao hadi ziwe marobota. Ukichelewa mpaka mbegu zipukutike, unahifadhi vijiti.

Ndipo Januari tukaenda mnadani. Tulinunua wawili, wala msiniulize kwa nini si mmoja. Ng'ombe ni wa kundi. Mmoja peke yake hulia, huzunguka uzio, mwisho huubomoa aende kutafuta wenzake. Tulichagua maksai, yaani madume yaliyohasiwa. Dume lisilohasiwa hupigana na hukimbiza majike ya jirani, chakula chote kikaishia kwenye fujo. Maksai hutulia na kunenepa. Kuhasi ni kazi ya mtaalamu, na hufaa ndama akiwa bado mdogo, maumivu yake ni madogo na hupona upesi.

Muuzaji alitusalimu vizuri, akamsifia Madoa. Nikamwomba anishikie kichwa, nikafunua mdomo wa chini. Meno mawili ya katikati yalikuwa mapana, mengine bado ya utoto. Nikajua huyu ana miaka miwili hivi. Nikatazama macho: maangavu. Pua: mbichi, haina makamasi. Nikamtembeza mbele na nyuma nione kama anachechemea. Alikuwa mwembamba, ndiyo, lakini mifupa mirefu na kifua kipana. Mwembamba kwa njaa utamnenepesha. Mwembamba kwa ugonjwa utamzika.

Nyumbani tulimpima kwa kamba. Hili kila mmoja wenu anaweza kulifanya, mradi mnyama amesimama sawasawa. Kamba inazungushwa kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele: sentimita 130. Kisha urefu, kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa nyuma karibu na mkia: sentimita 110. Yule wa darasa la tano akaokota kijiti, akachora hesabu mavumbini. 130 mara 130, mara 110, gawanya kwa 10,840. Akapata 171. Hizo ni kilo za Madoa kwa makadirio, na zilikaa pale mlangoni mpaka mvua ilipozifuta.

Kila siku alikunywa debe moja la maji na zaidi kidogo, jua likiwa kali zaidi ya hapo. Chumvi tuliitundika zizini ailambe apendavyo.

Tumbo lake nalo ni habari nyingine. Lina vyumba vinne. Cha kwanza ni kikubwa kama pipa, na ndani yake wanaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, vingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, na hao ndio wanaoozesha nyasi ambazo mimi na wewe tungezitapika. Chumba kingine kina kurasa kama daftari. Mkimwona amelala kivulini anatafuna na hamkumpa kitu, anacheua: anarudisha nyasi mdomoni azisage upya. Msimsumbue hapo. Anafanya kazi.

Wale vijidudu hawapendi kushtukizwa. Jirani yetu aliacha mlango wa ghala wazi usiku mmoja, maksai wake akaingia akala mahindi mpaka akatosheka. Asubuhi tulimkuta amelala ubavu, tumbo gumu, anakoroma kwa shida. Hakufika jioni. Kwa hiyo Madoa tulipoanza kumpa pumba za mahindi na mashudu ya alizeti mwezi wa tano, tulianza na viganja vichache, tukaongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili.

Adui mwingine ni kupe. Hupenda kujificha ndani ya sikio, chini ya mkia, na kwenye mapaja. Kupe ndiye anayeleta ndigana kali: homa, tezi kuvimba chini ya sikio, kisha pumzi inakuwa nzito. Siku ya josho hatukukosa. Kuhusu chanjo za kimeta na chambavu, afisa mifugo ndiye mwenye ratiba, mwulizeni. Na hili lisikieni wote, hata aliyeanza kusinzia: mkikuta ng'ombe amekufa ghafla, damu inatoka puani au mdomoni, msimguse, msimchune, msikubali mtu ale nyama yake. Kimbieni mkamwite mtu mzima. Kimeta kinaua watu.

Julai tukashika kamba tena. Kifua 150, urefu 120. Kijiti kikaandika 249. Kilo 78 kwa miezi sita, na sehemu kubwa ya hizo zilitoka kwenye nyasi za eka nane.

Jioni ile mtoto akaniuliza taratibu, "Babu, watamchinja?" Nikamjibu ndiyo. Tangu siku ya kwanza sikumficha. Karibu nusu ya uzito ule itakuwa nyama na mifupa buchani, na kuna nyumba zitakula. Alinyamaza, akaenda akachukua chumvi kiganjani, akampelekea Madoa. Ule ulimi ukatoka, ukazunguka mkono wake mpaka kiganja kikabaki safi. Nami nikaona kwamba miezi yote ile hakuna aliyempiga mnyama yule fimbo, wala hakulala na kiu hata siku moja.

Sasa maksai tumekwisha kuwauza, pesa ipo na kila mtu ananiuliza tunarudi lini mnadani. Leo nimepita kipande cha nne, nyasi hazijavuka kifundo cha mguu. Mpaka zifike gotini, hatununui ng'ombe. Kesho asubuhi kila mmoja aje na gunia, tukaokote plastiki.