Hongo, Ushuru na Ukaazi: Maneno ya Kodi kwa Afanyaye Kazi kwa Mbali

Mtu mwenye nyumba yake Puge, kwenye barabara itokayo Tabora kwenda Nzega, aweza leo kuandika hesabu za kampuni iliyoko Nairobi, akalipwa kwa njia ya mtandao, na akatumia sehemu ya mwaka Kampala, bila mwajiri wake kupata kuiona Puge kwa macho. Kwa fundi wa mitambo jambo hili ni jepesi. Kwa mtoza kodi ni zito, na kwa mfasiri aletewaye fomu ya mtoza kodi huyo ni zito zaidi, kwa kuwa maneno mengi tuliyo nayo yalizaliwa wakati ambapo kazi na mfanyakazi vilikaa mahali pamoja. Katika makala haya twakusudia kuyapima baadhi ya maneno hayo.

Yafaa tuanze na neno la zamani, kwani nchi ya Unyamwezi ililijua tatizo lenyewe kabla ya kuwako simu. Katika karne ya 19 misafara iliondoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, mahali ulipo mji wa Tabora. Kutoka hapo wengine walishika njia ya magharibi kwenda Ujiji, na wengine ya kaskazini kuelekea ziwani. Kitambaa cha merikani kilichobebwa na wapagazi kilikuwa kimekwisha kutozwa ushuru forodhani Unguja. Mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sultani na Marekani uliweka kiwango cha asilimia 5. Kilipofika Ugogo, watemi walidai hongo, nayo ililipwa kwa doti na shuka, katika nchi ya mtemi mmoja baada ya mwingine. Hongo ilikuwa malipo ya kupewa njia, na katika nchi ile kame, malipo ya kunywa maji ya visima vya wenyeji. Msafara uliporudi na pembe za ndovu, pembe hizo nazo zilitozwa pwani kwa frasila. Mali ile ile ya mfanyabiashara yule yule ilipita hivyo mikononi mwa watozaji wengi, na kila mmoja wao alikuwa na sababu yake.

Sababu hizo zilipogongana, damu ilimwagika. Mnywa Sele, aliyepata utemi wa Unyanyembe baada ya Fundikira kufariki mwaka 1858, alitaka kutoza bidhaa zilizoingia katika nchi yake. Wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa wamekaa hapo miaka mingi walikataa. Vita vilizuka, Mnywa Sele akafukuzwa, na Mkasiwa akasimikwa mahali pake. Mnywa Sele aliuawa mwaka 1865. Ukiyaondoa majina, swali waliloligombania ni lile lile la leo: mtu akaaye katika nchi moja na biashara yake ikiwa na mizizi katika nchi nyingine, ni nani mwenye haki ya kumtoza?

Mfasiri wa habari za zama zile na awe mwangalifu na neno hongo. Leo kila msomaji hulielewa kuwa ni rushwa, na akisoma kwamba Stanley alitoa hongo Ugogo mwaka 1871 atadhani kwamba watemi walikuwa wakifanya jambo la siri na la aibu. La hasha. Hongo ilidaiwa mchana, kwa masharti yaliyojulikana na pande zote, na mtemi aliyeitoza aliona ni haki yake. Sisi twapendekeza katika tafsiri za historia iandikwe "hongo ya njia" mara ya kwanza ili maana ya kale ijitenge na ya sasa. Ushuru, kwa upande wake, limetoka katika Kiarabu, nalo lina asili moja na neno la sehemu ya kumi. Limebaki kwenye bidhaa ivukayo mpaka au iingiayo sokoni. Kodi ndilo lililopanuka. Chini ya Wajerumani, kuanzia mwaka 1898, kodi ilishikamana na nyumba. Waingereza waliendeleza kodi ya nyumba na ya kichwa. Tofauti hii si ndogo. Nyumba haisafiri, lakini kichwa mtu huenda nacho, kama walivyojua vijana wa Kinyamwezi waliokwenda umanamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga.

Tukifika kwenye kodi ya mapato, kinachoshikwa si njia, wala nyumba, wala kichwa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 huangalia mambo mawili: mlipwaji ni mkaazi au si mkaazi, na mapato yana chanzo wapi. Mkaazi hutozwa kwa mapato yake ya dunia nzima, isipokuwa yule ambaye ukaazi wake nchini, katika maisha yake yote, haujazidi miaka miwili. Asiye mkaazi hutozwa kwa yale yenye chanzo nchini tu. Na ujira wa kazi iliyofanyiwa nchini una chanzo nchini, hata kama fedha zimetoka Nairobi au London.

Hapa ndipo wafasiri wengi huteleza. Mkaazi wa sheria hii si raia. Wala si yule mwenye kibali cha ukaazi kutoka Idara ya Uhamiaji, ingawa neno ni lile lile. Mtu ni mkaazi kwa kodi akiwa na makazi ya kudumu nchini na akawapo hata sehemu tu ya mwaka. Au akiwapo siku 183 au zaidi katika mwaka huo. Au akiwapo mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia kwa wastani unaozidi siku 122 kila mwaka. Kenya na Uganda zina vipimo vinavyofanana sana na hivi. Basi tumchukue yule mwenye nyumba Puge. Kila mwaka, kwa miaka mitatu mfululizo, akae siku 130 Kenya, siku 130 Uganda, na siku 105 zilizobaki kwake Puge. Tanzania itasema ni mkaazi kwa nyumba yake. Kenya na Uganda zitasema ni mkaazi kwa wastani wa siku zake. Huyu ni mkaazi mara tatu, wala hakuna nchi iliyokosea hesabu.

Kwa hiyo twashauri katika fomu na barua iandikwe "mkaazi kwa kodi", na neno "mkazi" liachiwe matumizi ya kila siku, kama mkazi wa kijiji au wa mtaa. Wapo watakaosema kwamba irabu moja haitoshi kubeba tofauti ya sheria. Ni kweli, ndiyo maana maneno "kwa kodi" yasiachwe. Vivyo hivyo neno "mwaka" lisiandikwe pweke: mwaka wa mapato wa mtu binafsi Tanzania na Kenya huanza Januari, bali wa Uganda huanza Julai 1, na siku zile 130 lazima zihesabiwe ndani ya mwaka wa nchi inayohusika.

Dawa ya ukaazi wa mara tatu ni mikataba ya kuepusha kutozwa kodi mara mbili. Tanzania inayo na nchi chache, miongoni mwao Zambia, India, Kanada na Afrika Kusini. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini mkataba wao mwaka 2010, lakini "kutia saini" si "kuridhia", na wala "kuridhia" si "kuanza kutumika". Mwandishi wa habari akiyachanganya maneno haya matatu, msomaji wake aweza kuacha kulipa kodi anayodaiwa kihalali. Pasipo mkataba, sheria ya Tanzania humruhusu mkaazi kupunguziwa kodi kwa kiasi alicholipa nje juu ya mapato yale yale. Hii tuiite "nafuu ya kodi ya nje". "Msamaha" halifai, maana msamaha humwondolea mtu deni, na huyu deni amelilipa, ila amelilipa kwingine.

Limebaki jina la mtu mwenyewe. Magazeti humwita "mfanyakazi wa mbali". Lakini yuko mbali na nani? Puge yuko kwake. Aliye mbali ni mwajiri. Twaona ni heri kusema "afanyaye kazi kwa mbali", kwa kuwa "kwa mbali" huonyesha namna ya kufanya kazi wala hakumhamishi mtu nyumbani kwake. Mwalimu atakayeuliza kama ufupi haukupotea tutamkubalia kwamba umepotea kidogo. Lakini afisa ajazaye fomu ataulizwa jambo moja tu, yaani kazi ilifanyiwa wapi, na jina lisemalo kwamba mtu yuko mbali humtia katika jibu la uongo kabla hajashika kalamu.