Chuma cha Wofoli: Kikongwe Kifaacho Jikoni

Wofoli ni mkate mwepesi wa unga wa ngano, mayai na maziwa. Huokwa katikati ya mabamba mawili ya chuma, ukatoka na vishimo vya miraba vinavyoshika siagi na asali. Zamani huko Ulaya mabamba hayo yalikuwa na mikono mirefu ya kuyaingiza motoni. Tarehe 24 Agosti 1869, Cornelius Swartwout wa mji wa Troy, New York, alipewa hati ya uvumbuzi kwa chuma cha wofoli kilichoboreshwa, kitumikacho juu ya jiko. Miongoni mwa viwanda vya Marekani vilivyosubu vyuma vya namna hiyo, mashuhuri ni Griswold cha Erie, Pennsylvania, kilichoanza mwaka 1865 na kufungwa mwaka 1957.

Siku hizi vyuma hivyo husakwa minadani. Wako wavitundikao ukutani, na wako wavipikiao. Hawa wa pili ndio wenye busara, kwa maana chuma cha kusubu huharibiwa na kutu kuliko kazi.

KUCHAGUA

Mnunuzi asidanganywe na mwaka ulioandikwa juu ya chuma. Mara nyingi huo ni mwaka wa hati ya uvumbuzi, wala si wa kutengenezwa. Na ayafumbe mabamba aone kama yanakutana sawasawa. Ayageuze juu ya kitako chake, kisha atazame nyufa penye bawaba. Kutu huondoka, ufa hauondoki. Tena ajihadhari na chombo kilichopata kuyeyushia risasi, kwani sumu yake haifai kukaribia chakula.

KUSAFISHA

Chuma kisitupwe katika makaa ili kuunguza uchafu: kitapindika, na mabamba hayatafumbana tena. Kutu hulowekwa katika siki na maji kwa kipimo sawa, si zaidi ya nusu saa, kisha husuguliwa kwa brashi ya waya. Chuma kisuuzwe, kikaushwe papo hapo juu ya moto, kipakwe mafuta ya kupikia na kupanguswa mpaka kionekane kama hakikupakwa kitu. Halafu kipashwe moto kwa saa moja. Mafuta hayo hugeuka utando mgumu mweusi, ule ule uzuiao chapati kushika kikaangoni. Kazi hii irudiwe mara tatu au nne.

KUPIKA

Jioni changanya unga vikombe 2, maziwa ya vuguvugu vikombe 2, maji ya vuguvugu nusu kikombe, siagi iliyoyeyushwa nusu kikombe, hamira vijiko 2 vya chai, na chumvi na sukari kijiko kimoja kimoja cha chai. Funika katika bakuli kubwa, mahali pa baridi, maana rojo litaumuka. Asubuhi tia mayai 2 yaliyopigwa.

Pasha mabamba yote mawili mpaka tone la maji lirukeruke juu yake. Paka mafuta, mimina rojo, funika, na baada ya dakika mbili geuza. Mvuke ukipungua, wofoli imeiva. Ukifungua mapema itapasuka vipande viwili. Ya kwanza aghalabu hunata. Isimvunje mpishi moyo.

Baada ya kupika, chuma kisitiwe katika maji baridi kingali cha moto, kisije kikapasuka. Kipanguswe, kipakwe mafuta kidogo, kiwekwe mahali pakavu. Kikitunzwa hivyo, mama ataweza kumwachia binti yake, naye binti akamwachia wake.