Baraza la Mawaziri Enzi za Majimbo

Ndugu msomaji, huku kwetu Kilifi ukitaja majimbo, umemtaja marehemu Ronald Ngala. Mimi nilidhani alikuwa waziri katika serikali ile. Kumbe sivyo! Katiba ya 1963 iliigawa Kenya majimbo saba na eneo la Nairobi. Ngala wa KADU akawa Rais wa Baraza la Jimbo la Pwani. Lakini Baraza la Mawaziri lilikuwa la Waziri Mkuu Jomo Kenyatta na KANU, chama kisichoyataka majimbo. Mawaziri wakachelewesha kuyakabidhi majimbo kazi na fedha zake. Sasa yangesimama vipi? Novemba 1964 KADU ikavunjwa. 12 Desemba ikaja jamhuri. Ngala aliingia baraza hilo 1966, majimbo yameshakufa. Basi wenzangu, katiba huhitaji watekelezaji wanaoitaka.